Nikigeukia kulia kitandani chumba kizima kinazunguka: ni presha, ni shingo au ni sikio?

Sindano_Pipeline (Jumapili, saa 4:05 usiku)
Wanajukwaa, hamjambo. Naomba maoni ya waliopitia jambo hili au wanaolitibu.

Wiki saba zilizopita, alfajiri, niligeuka kitandani upande wa kulia ili nizime kengele ya simu, na chumba kizima kikaanza kuzunguka kama pia. Tunaishi orofa ya saba huku Pipeline, Nairobi, na kwa jinsi tunavyosikia habari za majengo kuporomoka jijini, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba letu linaanguka. Nilimwamsha mume wangu kwa ukelele, akambeba mtoto mpaka mlangoni, kisha akarudi kuniuliza mbona balbu ya darini haitikisiki. Wakati huo mzunguko ulikuwa umekwisha. Ulidumu labda nusu dakika, ukaniacha natapika huku nimelowa jasho.

Tangu siku hiyo hunijia kila nikigeukia kulia, nikiinua kichwa kutazama vitambaa vya rafu ya juu, au nikiinama kuokota mkasi. Nikiketi wima nashona bila tatizo lolote. Kliniki ya kwanza walinipima malaria na taifodi, nikarudi nyumbani na dawa za taifodi. Ya pili walisema ni shingo, kwa kuwa cherehani humwinamisha mtu kutwa, wakanipiga eksirei. Ya tatu walinipa tembe za kizunguzungu za mwezi mzima, ambazo zilinisinzisha hadi nikashona mkono wa koti la mteja kinyumenyume. Sasa nimeambiwa nifanye picha ya MRI ya kichwa, na bei niliyotajiwa inazidi kodi yangu ya nyumba. Nina miaka 41. Ugonjwa unaochagua upande mmoja wa kitanda ni ugonjwa gani?

Mzee_Umoja2 (Jumapili, saa 4:19 usiku)
Binti yangu, pole sana. Hiyo ni presha. Mimi ninayo tangu 2009 na ninaijua inavyomwangusha mtu. Nenda upimwe asubuhi kabla ya kunywa chai, upunguze chumvi, na usiamke kwa haraka.

Fundi_Grogan (Jumapili, saa 4:31 usiku)
Mzee wangu, kwa heshima zote, presha haijui kulia wala kushoto. Ingekuwa presha, dada angeanguka hata akigeukia ukutani.

Mimi ni fundi wa magari, na yaliyompata yalinipata mwaka juzi nikiwa nimelala chali chini ya gari. Nililishika gurudumu kwa mikono yote miwili nikidhani jeki imeteleza na gari linanishukia. Vijana walinivuta nje wakiamini nimevuta moshi mwingi. Daktari wa masikio, pua na koo alinilaza kitandani ghafla huku kichwa kimegeuzwa upande, akanitazama macho, akacheka kidogo, akasema amepata. Kisha alinigeuzageuza kama chapati kwa dakika chache, na wiki ile ile nilirudi chini ya magari. Hakunipa hata tembe moja, jambo lililomuudhi sana mke wangu, kwa sababu aliona tumelipa pesa bila kupewa dawa.

Tabibu_wa_Zamu (Jumapili, saa 5:02 usiku)
Mimi ni afisa wa kliniki, si bingwa wa masikio, kwa hiyo nichukulieni hivyo. Maelezo ya Sindano yanafanana sana na kizunguzungu cha mkao, kile ambacho madaktari hukifupisha kwa herufi nne, BPPV.

Ndani ya sikio, nyuma kabisa ya ngoma, kuna kifuko kilichotandikwa vijiwe vidogo sana vya kalisiamu kaboneti, yaani chokaa ile ile ya maganda ya mayai. Kazi ya vijiwe hivyo ni kuuarifu ubongo dunia inavuta kuelekea wapi. Kando ya kifuko hicho kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji, na kazi yake ni kuarifu kwamba kichwa kinageuka. Vijiwe vikibanduka kutoka mahali pake vikaingia katika mfereji, kila kichwa kinapobadili mkao huporomoka na kuyasukuma majimaji, na ubongo hupokea habari ya uongo kwamba mtu anazunguka kwa kasi. Vikishatua chini, majimaji hutulia na kizunguzungu hukoma. Ndiyo maana mzunguko hauzidi dakika moja, na ndiyo maana hauji ukiwa umeketi tuli.

Mfereji unaoathirika mara nyingi zaidi ni ule wa nyuma, kwa sababu ndio ulio chini kuliko yote mtu anaposimama au kulala chali, hivyo kila kinachoanguka huelekea huko. Upande unaokuzungusha ukilala, kwa kawaida, ndio wa sikio lenye hitilafu. Hilo ndilo jibu la swali lako la kitanda.

Sindano, nijibu haya: je, usikivu umepungua upande wowote? Masikio yanavuma? Umewahi kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, au mkono kukosa nguvu?

Sindano_Pipeline (Jumapili, saa 5:10 usiku)
Hapana kwa yote, tabibu. Nasikia hata majirani wa orofa ya nane wakibishana kuhusu bili ya maji.

Bi_Mwana_SouthC (Jumatatu, saa 1:20 asubuhi)
Sisi tuliolelewa pwani tunakiita kisunzi, na bibi yangu alikigawa mara mbili: kisunzi cha njaa na kisunzi cha kuzungushwa. Cha kuzungushwa alikihesabu kuwa ni jicho la watu, akaletewa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, anywe. Nakumbuka waziwazi kwamba kilimjia akiangalia juu kuanika nguo, na kwamba alipona baada ya mwezi hivi, kombe likapata sifa zote. Simcheki marehemu. Nasema tu kwamba nikisoma maelezo ya tabibu naona bibi alikuwa na vijiwe.

Swali langu: kama hupona chenyewe, kuna haja gani ya kumgeuza mtu kama chapati?

Shaka_Kwanza (Jumatatu, saa 2:44 asubuhi)
Bi Mwana amenitangulia. Ugonjwa unaoondoka wenyewe baada ya wiki kadhaa ni biashara nzuri kwa kila mganga, awe wa kombe au wa koti jeupe. Fundi alipona wiki ile ile. Atajuaje kwamba hangepona wiki ile ile akilala tu kwake?

Viungo_Ngara (Jumatatu, saa 3:15 asubuhi)
Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na kazi hii naifanya karibu kila wiki, hivyo niruhusuni nijibu kwa urefu.

Shaka, swali lako ni halali na limeshapimwa. Mapitio ya 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio ambamo wagonjwa wengine walifanyiwa mbinu yenyewe na wengine wakageuzwa kwa namna ya bandia isiyoweza kuhamisha chochote. Katika kundi la pili waliopona kabisa walikuwa kama 21 katika kila 100, na katika kundi la mbinu halisi walikuwa kama 56. Kwa hiyo wapo wanaopona wenyewe, lakini wanaopona kwa mbinu ni zaidi ya maradufu.

Kuhusu utambuzi, kipimo kinaitwa Dix-Hallpike, kwa majina ya Margaret Dix na Charles Hallpike, walioeleza mwaka 1952 jinsi kinavyofanywa. Mgonjwa anaketi kitandani, kichwa kinageuzwa nyuzi 45 upande mmoja, kisha analazwa haraka hadi kichwa kiwe kinaning'inia kidogo chini ya usawa wa kitanda, macho yakiwa wazi. Mpimaji hasikilizi malalamiko peke yake, bali hutazama macho. Baada ya sekunde chache macho huanza kurukaruka kuelekea juu huku yakijizungusha kuelekea sikio lililo chini, hupamba moto, kisha hufifia kabla ya dakika kwisha. Mgonjwa hawezi kuigiza jambo hilo. Hiki ndicho kipimo ambacho Sindano hajafanyiwa, na kinahitaji kitanda na mtu anayejua anachokitazama, basi.

Mzee_Umoja2 (Jumatatu, saa 3:40 asubuhi)
Lakini hata presha ikishuka mtu akiinuka hupata kizunguzungu. Hilo mnalikataa?

Tabibu_wa_Zamu (Jumatatu, saa 4:05 asubuhi)
Hatulikatai, Mzee. Presha inayoshuka mtu anaposimama ipo, na dawa za presha zenyewe huweza kuileta, hasa kwa watu wazima. Tofauti ni kwamba hiyo huja mtu anapoinuka, giza likamjia machoni kana kwamba anazirai, na haimshiki akijigeuza akiwa bado amelala. Muulize mgonjwa kama anaona giza au anaona ukuta ukikimbia.

Hoja_za_Karen (Jumatatu, saa 6:12 mchana)
Niongeze historia kidogo. Ugonjwa huu uligunduliwa na Róbert Bárány, daktari wa Vienna, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya 1914 kwa ajili ya ugunduzi huo. John Epley wa Portland, Marekani, ndiye aliyevumbua mbinu ya kugeuza kichwa.

Viungo_Ngara (Jumatatu, saa 6:50 mchana)
Nusu ya hayo ni sahihi. Tuzo ya 1914 Bárány aliipata kwa kazi yake juu ya utendaji wa kiungo cha mizani kilicho sikioni, ile ambayo ndani yake kuna kipimo cha kumwagia sikio maji ya moto na ya baridi. Kizunguzungu hiki cha mkao alikieleza baadaye, mwaka 1921. Epley ni kweli, na makala yake maarufu ilichapishwa 1992, baada ya miaka mingi ya wenzake kuitilia shaka.

Hata baada ya ugonjwa kujulikana, maelezo yalipingana. Mwaka 1969 Schuknecht, daktari wa masikio wa Marekani, alisema vijiwe hunata juu ya kupula, kile kiwambo laini kama jeli kilicho mwanzoni mwa mfereji. Epley na wenzake walisema vinaelea huru. Mwaka huo huo wa 1992, Parnes na McClure wa Kanada waliripoti kwamba waliufungua mfereji wakati wa upasuaji wakaziona chembe zikielea. Leo tunakubali kwamba yote mawili hutokea: mzunguko unaoisha upesi huashiria vinavyoelea, na ule unaoendelea muda wote kichwa kikiwa katika mkao huo hutufanya tushuku vilivyonata, au jambo baya zaidi ndani ya ubongo.

Hoja_za_Karen (Jumatatu, saa 7:01 mchana)
Nimekubali sahihisho. Nilichanganya miaka.

Fundi_Grogan (Jumatatu, saa 7:09 mchana)
Ndugu wa Karen amekiri kosa kabla ya chakula cha mchana! Uzi huu uhifadhiwe.

Dereva_wa_Rongai (Jumatatu, saa 3:30 usiku)
Samahanini kwa kuchelewa, nimetoka barabarani sasa. Mimi hunipata nikigeuza shingo kutazama nyuma ninapoegesha gari. Hakinipati kitandani. Kila mara hudumu karibu saa moja, na kichwa huuma upande mmoja kwa mipigo, mwanga wa taa za magari ukanichoma macho. Je, nami nina vijiwe?

Tabibu_wa_Zamu (Jumatatu, saa 3:52 usiku)
Dereva, chako hakinikai vizuri katika maelezo ya vijiwe. Saa moja ni ndefu mno. Kizunguzungu cha kipandauso huweza kudumu kuanzia dakika tano hadi saa 72, na maumivu ya mipigo pamoja na kuchukia mwanga ni dalili zake. Ugonjwa wa Ménière nao hudumu kuanzia dakika 20 hadi saa 12, lakini huandamana na kupungua kwa usikivu na sikio kujaa na kuvuma. Kizunguzungu kikidumu siku nzima au zaidi bila kukatika, tunafikiria kuvimba kwa neva ya mizani, na pia kiharusi. Usilitibu hilo kwa kusoma jukwaani. Na usiendeshe abiria mpaka umepimwa, tafadhali.

Dereva_wa_Rongai (Jumatatu, saa 4:00 usiku)
Nimesikia. Mwenye gari hatasikia.

Mama_Kayole (Jumanne, saa 12:30 asubuhi)
Mama yangu, mwenye miaka 68, amepata kisunzi hiki mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya kugongwa na bodaboda akaanguka kwa kichwa, na daktari akasema mtikiso ndio uliovibandua vijiwe. Mara ya pili alikuwa amelazwa wiki tatu kwa ajili ya nyonga. Mara ya tatu hakuanguka wala hakulazwa, akapimwa vitamini D ikaonekana iko chini sana, na mifupa yake ni myepesi. Sasa kila mtu ana nadharia yake nyumbani. Dada yangu anasema ni bodaboda, mimi nasema ni mifupa, na mama mwenyewe anasema ni mto mpya tuliomnunulia.

Shaka_Kwanza (Jumanne, saa 2:10 asubuhi)
Vitamini D katika jiji lenye jua mwaka mzima? Huu ni ugonjwa wa watu wa nchi za baridi.

Viungo_Ngara (Jumanne, saa 2:35 asubuhi)
Jua liko nje, Shaka, nasi tuko ndani ya ofisi, ndani ya magari na chini ya nguo za mikono mirefu. Utafiti uliofanywa Korea Kusini na kuchapishwa 2020, uliohusisha watu 957 waliokwisha kutibiwa, uliwapa vitamini D na kalisiamu wale tu ambao kipimo kilionyesha wamepungukiwa, na kurudi kwa ugonjwa kulipungua kwa takriban robo. Robo ni kitu, lakini maana yake pia ni kwamba sehemu kubwa haielezwi na vitamini hiyo. Umri upo, kwa sababu ugonjwa huongezeka baada ya miaka 50. Wanawake huupata zaidi ya wanaume. Mtikiso wa kichwa upo. Na mara nyingi zaidi hatuoni sababu yoyote, jambo ambalo wagonjwa hawapendi kulisikia. Mto wa mama sina la kuusemea, ingawa wapo waliochunguza upande ambao watu hupenda kulalia wakaona unaelekea kufanana na upande wa sikio linalougua.

Bi_Mwana_SouthC (Jumanne, saa 2:58 asubuhi)
Basi mama apewe mto wake wa zamani, na kesi ifungwe nusu.

Sindano_Pipeline (Jumanne, saa 7:45 mchana)
Nawashukuru. Nimekumbuka kwamba siku mbili kabla ya alfajiri ile nilikuwa saluni, kichwa kimelazwa nyuma kwenye sinki kwa muda mrefu nikioshwa nywele. Huenda ndipo vilipobanduka? Pili, naweza kufanya mbinu ya Epley mwenyewe nyumbani? Mume wangu ametazama video na anajiona tayari ni bingwa.

Viungo_Ngara (Jumanne, saa 8:20 mchana)
Sinki la saluni, kiti cha daktari wa meno na kupaka rangi dari hutajwa sana. Sina hakika kama hubandua vijiwe au huvisogeza tu vilivyokwisha kubanduka.

Kwa sikio la kulia mbinu ni hii. Unaketi kitandani miguu imenyooshwa, mto uko nyuma ili utue chini ya mabega. Unageuza kichwa nyuzi 45 kulia, unalala chali haraka kichwa kikiwa kimeinamia nyuma kidogo, unangoja mzunguko uishe na kama nusu dakika zaidi. Bila kukiinua kichwa, unakigeuza nyuzi 90 hadi kielekee kushoto, unangoja tena. Kisha mwili wote unalalia ubavu wa kushoto na uso unaendelea kugeuka hadi pua itazame godoro, unangoja. Mwisho unaketi polepole kwa upande huo huo wa kushoto, kidevu kimeshuka. Safari yote hiyo ni kuvizungusha vijiwe kwenye mfereji mpaka vidondoke tena katika kifuko chake.

Lakini ninamwomba bingwa wa nyumbani asubiri. Ukilifanyia sikio lisilo lenyewe, hupati nafuu. Kama vijiwe viko katika mfereji wa pembeni, mbinu hii haivifikii, na hutumiwa nyingine ya kubiringisha mwili mzima. Mwenye shingo mbovu au mishipa ya shingo iliyoziba asifanye bila kusimamiwa. Upimwe kwanza, halafu mumeo atafundishwa.

Fundi_Grogan (Jumanne, saa 8:33 mchana)
Mimi niliambiwa nilale nimeketi siku mbili na nisiiname. Nililala kwenye kiti cha abiria cha Probox. Je, ilisaidia?

Tabibu_wa_Zamu (Jumanne, saa 9:00 alasiri)
Zamani ndivyo tulivyofundishwa. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani, uliotolewa 2008 na kurekebishwa 2017, hauoni faida ya masharti hayo. Mwongozo huo huo haushauri kuwapa wagonjwa hawa tembe za kutuliza kizunguzungu kama tiba ya kawaida, wala kuwapiga picha za kichwa ikiwa kipimo kimethibitisha na hakuna dalili nyingine. Sindano, usiikatae MRI kwa sababu yetu, ila muulize aliyeiagiza kama amekufanyia kipimo cha kukulaza, na anatafuta nini ndani ya picha hiyo. Ukiona vitu viwili viwili, ukipata maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au ukishindwa kutembea, uende hospitali saa hiyo hiyo.

Mzee_Umoja2 (Jumanne, saa 9:15 alasiri)
Na presha apimwe.

Sindano_Pipeline (Jumapili iliyofuata, saa 2:30 usiku)
Nimerudi na habari. Alhamisi nilipimwa. Nililazwa upande wa kushoto, kimya. Nililazwa upande wa kulia, nikahesabu sekunde tatu, kisha dari likaondoka, nikamshika mpimaji koti mpaka kifungo kikatoka. Kifungo nimemshonea mwenyewe, bila malipo. Alinifanyia mbinu mara mbili siku hiyo hiyo. Ijumaa usiku niligeuka kulia kwa woga, nikangoja, na hakuna kilichotokea. Jumamosi vivyo hivyo. Lililobaki ni kuyumba kidogo nikitembea, kama mtu aliyeshuka feri ya Likoni. Mzee Umoja, presha yangu ni 118 kwa 76.

Mzee_Umoja2 (Jumapili, saa 2:41 usiku)
Alhamdulillahi, ingawa kipimo kimoja hakitoshi.

Viungo_Ngara (Jumapili, saa 2:55 usiku)
Kuyumba huko huwapata wengi baada ya vijiwe kurudi, huisha kwa siku au wiki chache, na kutembea kunasaidia kuliko kulala. Ila ujue kwamba karibu nusu ya waliopona hurudiwa ndani ya miaka mitano. Upande ukiwa ni ule ule, mumeo atakuwa na kazi.

Shaka_Kwanza (Jumapili, saa 3:10 usiku)
Nampongeza dada. Lakini wiki ya nane ndiyo aliyopona nayo bibi wa Bi Mwana, au karibu na hapo. Bado sijaonyeshwa kwamba si muda uliomponya.

Bi_Mwana_SouthC (Jumapili, saa 3:16 usiku)
Bibi ni mwezi mmoja, si wiki nane. Usimwongezee marehemu ugonjwa.

Sindano_Pipeline (Jumapili, saa 3:22 usiku)
Ndugu Shaka, kikirudi nitakuita uje ungoje muda pamoja nami, orofa ya saba, lifti haipo. Dereva wa Rongai, wewe umepimwa?